Jina la Hati na Maana Yake

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, karatasi nazo huzidi kupita mikononi. Huyu aweka rehani, yule amdhamini nduguye, na mwengine amekwisha pokea fedha za mikarafuu ambayo bado haijakomaa. Twaona ni wajibu wetu kusema machache juu ya maneno yaliyomo katika karatasi hizo, kwani mwenye kuweka dole gumba juu ya neno asilolijua huenda akauza asichokusudia kuuza.

Wazee wetu waliijua bei ya khiyari. Mwenye shamba alipokea fedha, shamba likaandikwa kuwa limeuzwa, naye akaachiwa khiyari ya kulikomboa kwa muda uliowekwa. Muda huo wote alibaki shambani mwake akilipa kodi kama mpangaji. Kwa jina ilikuwa bei. Kwa kitendo ilikuwa mkopo, na ile kodi ndiyo riba yenyewe, imebadilishwa jina tu. Muda ukipita bila ya kukomboa, shamba lilikwenda. Madeni ya namna hiyo yalizidi hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo, na mwaka huo huo Chama cha Wakulima wa Karafuu kikapewa nguvu za kisheria.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya visiwani peke yake. Tuwatazame wenzetu wa bara, katika mkoa wa Kagera, zilizomo wilaya za Ngara na Biharamulo. Kahawa kwao ni kama karafuu kwetu: ada ya skuli yaingojea, na dawa ya mgonjwa pia. Mkoani humo lipo neno butura. Maana yake ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali ua, kwa bei inayokatwa siku ile ya shida. Mavuno yakifika, mzigo ni wa mwenye fedha.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima apokea shilingi 200,000 kwa kilo 100, yaani shilingi 2,000 kwa kilo. Baada ya miezi mitano bei ya mnada ni shilingi 4,000. Atoa kahawa ya shilingi 400,000 kulipa fedha nusu yake. Katika karatasi yake neno riba halimo hata mara moja, lakini kila shilingi aliyoipokea ameilipa kwa mbili.

Serikali imeipiga marufuku butura, nasi twaiunga mkono. Lakini marufuku peke yake haimlipii mtu ada ya skuli. Shida ikibaki, biashara ile ile itarudi kwa jina jengine. Kwetu hapa haiitwi butura. Utasikia mtu amekodisha mikarafuu yake, au ameuza juu. Kukodisha kwa haki, karafuu zimekwisha komaa na pande zote mbili zimeziona, hatukupingi. Tunachokipinga ni mkopo wa njaa uliopewa jina la ukodishaji.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kuwa hiyo ni bei ya salamu, nayo ni halali. Yafaa ijulikane kuwa salamu ina masharti yake. Fedha yote hulipwa pale pale penye mapatano. Kitu huelezwa kwa jinsi yake, sifa yake na uzito wake, na mahali na wakati wa kukabidhi hujulikana. Wala hakifungwi na mti fulani au shamba fulani, kwa sababu mti waweza kukosa kuzaa. Kitu kisipopatikana, mnunuzi husubiri au huvunja mapatano na kurudishiwa fedha yake ile ile bila ya nyongeza. Tena sheria yakataza kuuza matunda yaliyo mtini kabla kukomaa kwake hakujaonekana, ila kwa sharti la kukatwa papo hapo. Basi mwenye kuyanunua maua ya mkahawa wa Ngara au vikonyo vichanga vya Pemba, kisha akayaita salamu, ameazima jina akaliacha sharti.

Yako na maneno ya sasa. Mdhamini si shahidi: shahidi huthibitisha aliyoyaona, mdhamini hulipa mdaiwa asipolipa. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa vijijini huko Ngara na Biharamulo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haitumiki kwetu. Sisi tuna sheria yetu ya mwaka 1992. Lakini popote ilipo hati, ikiwekwa rehani yaweza kupotea. Na stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria bara mwaka 2005, ni kinyume cha butura: mzigo huwa umekwisha vunwa, umepimwa na umo ghalani, na mkulima ana karatasi ya kuuthibitisha.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Mwanachama asiweke dole gumba mpaka karatasi imesomwa kwa sauti mbele yake na mtu asiye na faida ndani yake. Aulize matatu: bei imekatwa leo au itakatwa siku ya mavuno? Zao likiharibika, hasara ni ya nani? Na nisipolipa, kitachukuliwa nini? Majibu ya hayo matatu ndiyo maana ya hati, hata ikiitwa kwa jina gani.

Nayo Kamati twaiomba itenge mfuko mdogo wa kukopesha wanachama kabla ya msimu, kwa masharti yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Asiyekuwa na pa kukopa kwa heri atakopa kwa shari, na sisi tutabaki kumlaumu tu.

Wasalaam,
Katibu