Motokari Yalia, na Kioo Hakionyeshi Njia

Katika mitaa ya Lubumbashi hazihesabiki siku hizi motokari zile za kimo kirefu ambazo watu huziita jipi. Nyingi zimekwisha kutumika miaka kumi au zaidi huko Japani. Zilivuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, zikapita Tanzania na Zambia, zikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Baba wa jamaa aliyeweka akiba muda mrefu hununua moja, huwapakia mke na watoto, na Jumapili ya kwanza wote hushuka mbele ya kanisa wamevaa vizuri, nayo motokari yang'aa kuliko wao. Ni furaha ya haki. Lakini kitu kilichozeeka kina maumivu yake, nacho hulia. Leo tuzungumze juu ya kilio hicho, na juu ya vioo na taa visivyoonyesha njia.

Nami naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Mke wangu aliniambia siku moja: «Baba watoto, kuna kitu kinavuma chini ya miguu yangu.» Nikamjibu kwamba ni barabara mbaya. Baada ya juma moja akasema tena neno lile lile, nami nikaongeza sauti ya redio. Wanaume wenzangu, mwacheka, lakini ni nani kati yenu asiyefanya hivyo? Motokari yetu ina usukani upande wa kuume, kama zote zitokazo Japani. Kwa hiyo mke wangu huketi kushoto, karibu kabisa na gurudumu lile lililokuwa bovu. Yeye alisikia, mimi nilikuwa mbali, na hata hivyo nilijifanya hakimu.

Mwishowe nilikwenda garaji. Fundi wa pale hakuinua gurudumu wala hakuketi ndani tuende pamoja barabarani. Alitazama tu, akasema kwamba vyuma vya kupunguza mishtuko vimekufa. Nikalipa kwa fedha tulizokuwa tumeziweka kwa masomo ya binti yetu wa pili. Tukatoka, na sauti ikatoka pamoja nasi.

Jirani akanipeleka kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe, asiye na kibao wala ukuta. Huyu hakugusa kitu kwanza, aliuliza. «Motokari ikisimama, ukikanyaga mafuta, inavuma?» La, mzee. «Ukienda mbio zaidi, sauti yapanda?» Ndiyo. «Ukikata kona kwenda kuume?» Yazidi. Akacheka kidogo. Ukikata kona kwenda kuume, uzito wote hulalia magurudumu ya kushoto. Akaliinua gurudumu la mbele la kushoto kwa jeki, akalishika juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa: likacheza kama jino la mtoto. Beringi ilikuwa imekwisha. Jumamosi ile tulikuwa tumekusudia kwenda Likasi kwa arusi, kilomita 120 hivi katikati ya malori ya shaba, na watoto sita ndani. Beringi ikifa kabisa, gurudumu laweza kukwama au kung'oka njiani.

Basi jifunzeni kuuliza kama mzee yule. Swali la kwanza ni hili: sauti yafuata injini au yafuata magurudumu? Simameni mahali pa salama, gia isiwe ndani, kanyageni mafuta pole pole. Sauti ikisikika hapo, tafuteni mbele, katika injini na mikanda yake. Mlio mwembamba wa asubuhi, wakati wa kuwasha, ambao hunyamaza baada ya kitambo, mara nyingi ni mkanda uliolegea au uliopasuka-pasuka. Kama motokari iliyosimama iko kimya, na kilio chaanza inapokwenda, basi ni magurudumu, breki, au viungo vya chini. Piteni pole pole kando ya ukuta mrefu, madirisha wazi. Ukuta huwarudishia sauti, na mtajua kama yatoka kushoto au kuume.

Breki zina lugha yake. Pedi za breki zikiwa mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikifika 3 zapasa kubadilishwa. Watengenezaji wengi wameweka ndani yake kipande chembamba cha chuma, ambacho hugusa sahani ya breki pedi inapokaribia kwisha, ili kilie makusudi. Mlio huo mkali na mwembamba ni onyo. Ukiuacha, utafika mlio mwingine, mzito, wa chuma kusaga chuma; wakati huo sahani yenyewe yaharibika, nayo motokari yachelewa kusimama mtoto anapokatiza njia. Lakini msikimbilie kulipa. Katika njia zetu za changarawe, jiwe dogo huweza kuingia kati ya sahani na bati linaloikinga, likalia vibaya hata mtu adhani gari lote lavunjika. Fundi mwaminifu huliondoa kwa dakika tano. Asiye mwaminifu hukuuzia breki nne mpya.

Tak-tak-tak wakati wa kukata kona kali, usukani umezungushwa hadi mwisho, ni kiungo cha ekseli ya mbele, kile ambacho mafundi wetu huita kadani. Kiungo hiki huvaa mfuko wa mpira wenye grisi ndani. Mpira ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia. Basi kiungo kimeanza kujila chenyewe. Inameni kila mwezi mtazame mipira hiyo: mfuko mpya ni rahisi kuliko kiungo kizima. Kugonga kwa chini kwenye mashimo kwaweza kuwa kitu kidogo, na kwaweza kuwa kiungo cha usukani kilichochakaa, ambacho kikiachia gurudumu hulala upande. Hapo msibahatishe. Na kama mmebadilisha tairi jana na leo mwasikia ngo-ngo-ngo, simameni mara moja mkaze nati za gurudumu. Hata fundi bora hukuambia urudi kuzikaza baada ya kilomita 50 au 100.

Kisha kuna sauti zisizo na fundi. Sisi tulitafuta mchakacho fulani kwa siku tisa, tukakuta kijiko cha uji katika reli ya kiti.

Sasa tuje kwa macho. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi kwetu, na vumbi jekundu hufunika kila kitu. Vifutio vya kioo hukaa juani miezi yote hiyo bila kazi, na mpira wake hukauka. Mvua ya kwanza ikija, huruka-ruka juu ya kioo kwa mlio wa kukera, vikiacha michirizi ambayo taa za lori huigeuza kuwa ukuta mweupe. Oshweni mipira hiyo kwa maji ya sabuni mwezi wa Septemba. Kama imepasuka au imekuwa migumu, nunueni mingine kabla ya mawingu. Na msiwashe kamwe vifutio juu ya vumbi kavu, kwa maana mchanga hukwaruza kioo, nao mkwaruzo haufutiki.

Kioo kikipata ukungu ndani, watu wengi huchukua kitambaa na kufuta huku wakiendesha kwa mkono mmoja. Ni hatari, wala hakufai. Ukungu ule ni pumzi zenu: watu wanane wenye nguo zilizolowa hutoa mvuke mwingi, nao hugeuka matone ukigusa kioo kilichopoa kwa mvua. Fungueni njia ya hewa ya nje, maana kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ambacho tulikiwasha kwa ajili ya vumbi la kiangazi na kukisahau, ndicho hufunga unyevu pamoja nasi. Washeni kiyoyozi, hata kama mwataka hewa ya moto, kwa maana kazi yake mojawapo ni kukausha hewa, kielekezeni kiooni. Kama upepo watoka dhaifu, tazameni chujio la hewa ya ndani. Katika motokari nyingi za Japani liko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Letu lilikuwa kama tofali. Ikiwa ukungu una mafuta-mafuta na harufu tamu, hiyo si pumzi tena: ni maji ya kupozea injini yavujayo katika kipasha joto. Pimeni maji hayo injini ikiwa imepoa, mwende kwa fundi.

Taa nazo huzeeka. Uso wake si kioo, ni plastiki, na jua huila ngozi ya juu mpaka igeuke manjano. Dawa ya meno huing'arisha kwa majuma machache tu. Fundi mwema huisugua kwa msasa laini wenye maji, namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu huipaka rangi angavu ya kuikinga na jua.

Lakini liko jambo lisilosemwa kwa kutosha. Taa za motokari ya Japani zimetengenezwa kwa nchi ambamo watu huendesha upande wa kushoto. Hata zikiinamishwa, mwanga wake hupanda kidogo kushoto, ili umulike ukingo wa njia. Huko Zambia ni sawa. Kwetu Kongo, ambako twaendesha kuume, kushoto ndiko atokako mwenzako, nawe wampofusha bila kujua, huku wapita njia wa ukingo wako wakibaki gizani. Dawa ya kweli ni kuweka taa za nchi za kuume; kwa sasa, bandikeni karatasi nyeusi ya gundi mahali pale pa taa panapoinua mwanga, fundi awapimie ukutani usiku. Mkipakia mizigo mingi nyuma, pua ya motokari huinuka na taa pia. Karibu na usukani kuna kigurudumu kidogo cha kuzishusha.

Tena, aketiye kuume haoni mbele ya lori analotaka kulipita. Wengine humwuliza aliyeketi kushoto. Mke wangu amekataa kazi hiyo kabisa. Asema kusikia atasikia, lakini roho za watoto sita hazitategemea neno lake «pita». Basi hubaki nyuma mbali, mpaka njia inyoke na nione mwenyewe, hata kama ni hadi Likasi.

Juma lijalo tutasema juu ya matairi yaliyotumika, na wale walioniandikia juu ya mafuta ya breki wanivumilie kidogo.