Watoto wenye kifafa wasiachishwe dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu watoto wenye kifafa na dawa zao. Nasema nikiwa mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini hapa Iramba, na nasema pia nikiwa mkosaji.

Mwaka juzi nilikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyekuwa akianguka hata mara mbili kwa wiki. Mama yake alimpeleka zahanati, akapewa vidonge vya fenobabitoni vya kumeza kila usiku. Kuanguka kukakoma. Lakini baada ya muda mtoto akawa mtundu kupita kiasi. Hatulii kwenye dawati, anaacha hesabu katikati, anasukuma wenzake, na ukimwita mara tatu ndipo anageuka. Nikamchapa nikidhani ni ukorofi. Viboko viliposhindwa, nikamwita mama yake nikamwambia kwamba dawa zile zinamharibu mtoto akili.

Mama aliniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Akaacha kumpa. Haikupita wiki ya pili, mtoto akaanguka jikoni kwenye mafiga akiwa peke yake. Mkono wake wa kulia uliungua, na vidole viwili havikunjuki mpaka leo.

Hospitali nilikokwenda kumwona ndiko nilikoelezwa mambo niliyopaswa kuyajua mapema. Ni kweli kwamba fenobabitoni huweza kuwafanya baadhi ya watoto wakose utulivu na usikivu. Kuona nilikuwa nimeona sawa. Ushauri wangu ndio uliokuwa mbaya. Mzazi akiona hali hiyo arudi kwa mganga, naye atapunguza kipimo au kubadili dawa. Kuikatisha ghafla ni hatari, kwani kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza, mtoto akaanguka mfululizo bila kuzinduka, na hata kufa. Vilevile mtoto kutoanguka tena si dalili kwamba amepona. Kwa kawaida hungojewa angalau miaka miwili bila kuanguka, ndipo daktari aanze kuipunguza dawa kidogo kidogo.

Dawa hii si ngeni wala si ya matajiri. Imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Hapa nchini, kule Mahenge mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, akawatibu kwa dawa hii watu waliokuwa wakitengwa kwa kuogopwa mate na povu lao. Kifafa hakiambukizi kwa povu. Lakini hapa kwetu bado mtoto akianguka darasani wenzake hukimbia, na wazazi wengine huacha vidonge wakaenda kwa waganga wa kienyeji.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Kwanza, wahusika wa afya wahakikishe dawa hizi hazikosekani katika zahanati. Mama anayetembea nusu siku akaambiwa dawa zimekwisha, ameachishwa dawa mtoto wake bila kupenda. Pili, mganga anapotoa vidonge amweleze mzazi mabadiliko anayoweza kuyaona kwa mtoto, ili yakitokea asishtuke bali arudi. Tatu, vyuo vya ualimu viwafundishe walimu habari za kifafa. Chuoni mimi nilisoma saikolojia ya mtoto na nikafaulu, lakini sikuambiwa kwamba kutotulia kwa mtoto kunaweza kutoka ndani ya kidonge.

Walimu wenzangu, mtoto asiyetulia tumwulize mzazi wake kwanza anatumia dawa gani, kabla ya kushika fimbo. Tuandike katika daftari siku anazoanguka na siku anazoshindwa kusoma, tumpe mzazi apeleke kwa mganga. Ni kazi ya dakika moja. Na ushauri wa kuacha dawa usitoke kinywani mwetu kabisa.

Mvulana yule alibadilishiwa dawa. Sasa haanguki, anatulia, na amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kila ninaposahihisha daftari lake naiona ile herufi iliyolala, najua imetokana na maneno yangu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.