Jiji la Kijani Halipandwi Gizani



Kila msimu wa mvua ukifika, wakubwa wa Nairobi hujitokeza na majembe mapya, wakapanda miche mbele ya kamera na kutuahidi kwamba jiji letu litarudia sifa yake ya kale ya ukijani. Hatuna ugomvi na mche. Ugomvi wetu ni na yule apandaye mche mmoja mchana, kisha usiku akaugawa uwanja mzima. Twasema wazi: suala la jiji la kijani si suala la maua. Ni suala la nani mwenye mamlaka juu ya ardhi ya umma, na iwapo mamlaka hayo yatumiwa mbele ya wananchi au nyuma ya migongo yao.

Historia ni shahidi wetu. Mwaka 1983 baraza lililochaguliwa na wakazi wa Nairobi lilivunjwa, na jiji likatawaliwa na tume ya walioteuliwa hadi 1992. Miaka hiyo yote mkazi hakuwa na diwani wa kumwuliza lolote. Je, ni ajabu kwamba katika kipindi hicho hicho, mwaka 1989, chama tawala kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park? Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu kupinga, kesi yake ilitupwa, eti hakuwa na haki ya kushtaki kwa niaba ya umma! Jengo hilo halikusimama, lakini si kwa hisani ya mahakama. Kelele za wananchi ndizo zilizowatia hofu wafadhili.

Mwaka 1998 ikafichuka kwamba sehemu za Msitu wa Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walipokwenda huko kupanda miti, walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Leo wakazi hutembea Karura kwa utulivu. Na wajue kwamba kivuli kile kilitolewa damu.

Kutokana na mapambano hayo tulijipatia Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Mlango aliofungiwa Maathai sasa u wazi. Na Kifungu cha 40 chasema kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Mnyakuzi hana pa kujificha, ila penye uzembe wetu.

Lakini sheria isiyotekelezwa ni ngoma isiyo na mpigaji. Tazameni Dandora, ambako taka za jiji zimekuwa zikimwagwa tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako papa hapa Nairobi, lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubalika. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa hilo lifungwe katika miezi sita. Miezi sita ilipita, na malori yakaendelea kumwaga taka.

Tazameni pia kingo za mito. Mafuriko ya 2024 yalipowaua watu Mathare na kwingineko, tingatinga zilifika haraka kubomoa nyumba za mabati. Mwaka 2018 baadhi ya majumba makubwa yaliyojengwa kando ya mito yalibomolewa, kisha shughuli ile ikafifia. Twauliza: je, mto hutambua tofauti ya bati na kioo? Ikiwa kingo ni za umma, basi sheria imfikie tajiri kama inavyomfikia maskini, na maskini asihamishwe kabla ya kuonyeshwa pa kwenda.

Kwa hiyo twaidai serikali ya kaunti, iliyorithi kazi za baraza la jiji mwaka 2013, mambo matatu. Kwanza, ichapishe orodha ya kila bustani, uwanja na ukingo wa mto ulio mali ya umma, pamoja na mipaka yake, na kuibandika katika kila wadi. Pili, itekeleze Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, taka zitenganishwe tangu nyumbani, na amri ya mahakama juu ya Dandora iheshimiwe. Tatu, kusiwe na kibali cha ujenzi juu ya ardhi ya umma kabla wakazi hawajasikizwa hadharani.

Watatuambia kwamba hakuna fedha. Kuchapisha orodha kwahitaji fedha gani? Kinachokosekana si shilingi, bali ni nia ya kuonekana.

Wananchi, msingoje aje mwingine kupasuliwa kichwa kwa ajili yenu. Nendeni kwenye mabaraza ya wadi, ulizeni hatimiliki, andikeni majina, fikeni mahakamani. Mchelea mwana kulia hulia yeye.