Glavu Moja ya Mkono wa Kushoto

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na wenzao wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walitangaza kitu walichokiita Proteus: tufe za kauri ndani ya povu la alumini. Msumeno ukiigusa, kauri hutikisika, na mtikisiko huyarudia meno ya msumeno na kuyafanya butu. Wabunifu wake waliwaza kufuli za baiskeli na deraya. Mimi nawaza vidole vya Usinge.

Wilayani Kaliua mkulima wa tumbaku hukata miti ya kujengea bani na kuni za kukaushia majani. Mkono wa kulia hushika panga, wa kushoto hushika tawi. Panga likiteleza, huishia kushoto. Kano ya kukunjia kidole hupita katika ala nyembamba. Ikikatwa, ncha yake huweza kurudi hadi kiganjani. Zikipita wiki kadhaa bila kushonwa, ala hujaa kovu na kidole hakikunjiki tena. Nao uwazi wa jeraha hudanganya: kidonda kidogo kisichovuja damu nyingi hakimshawishi mtu kufunga safari ya Tabora mjini. Hufungwa kitambaa, kazi ikaendelea.

Kinga iliyo karibu nasi si Proteus. Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont aligundua uzi uliozaa Kevlar mwaka 1965, na leo glavu hufumwa kwa nyuzi za namna hiyo zilizochanganywa na kioo au waya mwembamba wa feleji. Kiwango cha Ulaya cha EN 388 huzipanga kwa herufi, A hadi F. Hata hivyo, kinachopimwa ni wembe unaoteleza, si panga linaloshuka kwa nguvu zote. Asiyewaeleza wakulima tofauti hiyo atawaponza. Wala zisivaliwe karibu na mashine inayozunguka, kwani huweza kunaswa zikauvuta mkono mzima.

Vyama vya ushirika hukopesha wakulima mbolea na viuatilifu, deni likakatwa kwenye mauzo. Glavu iingie katika orodha hiyo hiyo, tena iuzwe moja, ya kushoto (wa mashoto apewe ya kulia), ili mkulima asilipie mkono ulioshika mpini. Watakaolalamikia joto wana haki. Basi ivaliwe wakati wa kukata tu, na ikishachanika ibadilishwe.