Bendi haipimwi kwa macho, na mgonjwa vilevile

1/8
Jamani, leo sina somo la presha wala la chanjo. Nimetoka zamu ya usiku na nina hasira, mnivumilie.

Shemeji yangu anaishi Uskoti. Ana tiketi ya tamasha la muziki la kiangazi. Juzi kaweka orodha ya wasanii kwenye grupu la familia, akaanza kuwapa maksi kabla hata hawajapanda jukwaani. Alipofika kwa Belle and Sebastian akaandika: "Hawa legelege. Muziki wa watu wanaoumwa." Grupu zima likacheka. Mimi sikucheka.

2/8
Kwa msiowajua: ni bendi ya Glasgow, imeanza 1996. Muziki wao huitwa indie pop. Nyimbo tamu za kuimbika, lakini zimezaliwa nje ya kampuni kubwa. Albamu yao ya kwanza, Tigermilk, ilirekodiwa kwa siku tatu hivi, ikiwa kazi ya kozi ya biashara ya muziki pale Stow College. Zilitolewa nakala 1,000 tu za santuri. Mwaka huohuo haujaisha wakatoa ya pili, If You're Feeling Sinister. Gitaa, fidla, selo, tarumbeta, kinanda, na sauti ya mtu anayeimba kama hataki kumwamsha mtoto aliyelala.

3/8
Sasa turudi kwenye "watu wanaoumwa". Shemeji, umesema kweli bila kujua. Stuart Murdoch, mwimbaji na mtunzi wao mkuu, aliugua ME akiwa kijana. Ni ule ugonjwa unaoitwa pia uchovu sugu. Miaka kama saba ya ujana wake ilikwenda hivyo: masomo yakakatika, kazi hakuna, maisha ya chumbani. Ndani ya miaka hiyo ndipo alipoanza kutunga nyimbo. Alipopata nafuu kidogo akatafuta wenzake, bendi ikazaliwa. Mwaka 2024 alitoa riwaya, Nobody's Empire, inayotokana na maisha hayo.

Kwa hiyo unachokiita ulegevu ni mtu aliyejifunza kutumia nguvu kidogo aliyo nayo bila kuimwaga hata tone.

4/8
Nisemeni kama nesi kidogo. Uchovu huu siyo ule wa kutoka shamba. Mtu anajitutumua leo, labda kaoga na kufua nguo mbili, kesho anaanguka kitandani siku kadhaa, hata wiki. Analala saa kumi, anaamka kama hajalala. Kichwa kinakuwa na ukungu. Na hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha. Ukisubiri maabara ikuambie, utasubiri sana.

Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye kundi la magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969. Hata hivyo Uingereza wagonjwa waliendelea kupewa programu za kuongeza mazoezi hatua kwa hatua, hadi mwongozo wa NICE wa 2021 uliposema zisitolewe tena kama tiba. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

5/8
Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na sehemu yake inanihusu mimi.

Miaka ya mwanzo ya kazi tulimpokea wodini dada mmoja, mwalimu. Malaria hana. Wingi wa damu sawa. Sukari sawa, VVU hana, kifua kikuu hana. Lakini kuinuka kwenda chooni ilikuwa safari. Ndugu zake wakasema kalogwa. Mumewe akasema mvivu. Na mimi, mwenye diploma yangu na sare nyeupe, nilimwambia mwenzangu karibu na kitanda chake: "Huyu hana kitu, anadeka."

Alisikia. Alifumba macho tu. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani hakuniaga, na hakurudi kliniki tena.

Siwezi kumpa jina la ugonjwa leo. Ninachojua ni kwamba nilimpima kwa macho, nikampa maksi, nikageuka.

6/8
Mtasema, "Nesi, shemeji kasema bendi tu, wewe umeleta wodi." Ndiyo, nimeleta. Mdomo ni uleule. Anayesema "legelege" kwa mwimbaji mwenye sauti nyembamba ndiye atakayesema "mvivu" kwa mkwe wake anayeshindwa kutwanga.

Na sitawapamba. Sauti ya Murdoch ni nyembamba kweli. Miaka ya mwanzo maonyesho yao yalikuwa ya kuyumbayumba. Ukitaka bendi ya kukutikisa kifua tangu wimbo wa kwanza, nenda jukwaa jingine, hakuna dhambi. Lakini hiyo ni ladha yako, shemeji, siyo kipimo cha bendi.

7/8
Ukitaka kipimo, chukua hiki. Mwaka 1999 walipata tuzo ya Brit ya wasanii wapya kwa kura za watu, wakawapita Steps waliokuwa wakivuma kila redio. Aprili mwaka huohuo waliandaa tamasha lao wenyewe, Bowlie Weekender, kwenye kambi ya mapumziko ya Camber Sands. Wao ndio waliochagua wasanii, na watu walilala vyumbani, siyo kwenye mahema na matope. Mimi naliona hilo kama tamasha la mtu anayejua mwili unavyochoka. Na ndilo lililozaa mfululizo wa matamasha ya All Tomorrow's Parties. Legelege gani hao wanaofungua njia na wengine wanapita?

8/8
Kwa hiyo shemeji, na wewe unayesoma ukicheka pembeni: kabla ya tamasha, sikiliza Sinister yote, mwanzo hadi mwisho, umelala chali, simu mbali. Kisha nenda ukasimame mbele. Wakikuchosha, njoo uniambie hapa hadharani, nitakubali.

Na nyumbani kwako kama kuna mtu anasema amechoka na vipimo vyote viko sawa, usimpe maksi. Mpe kiti. Muulize jana alifanya nini, na leo imekuwaje. Halafu nyamaza umsikilize. Mimi nilichelewa kulijua hilo kwa mgonjwa mmoja, na inatosha.

Naenda kulala. Usiku naingia zamu tena.