Nani Aandikaye Amri za Mashini?



Zamani mashini za viwanda ziliongozwa na makabati ya waya na swichi nyingi za umeme. Kampuni ikitaka kutengeneza kitu kipya, mafundi walifungua waya na kuzifunga upya, kazi ya siku nyingi. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors, huko Marekani, ilitaka chombo kiwezacho kubadilishwa bila ya kugusa waya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakatengeneza Modicon 084, aina ya kompyuta ifuatayo programu, yaani amri zilizoandikwa.

Yafaa tufahamu jambo moja. Amri zile zilichorwa mfano wa ngazi, kwa alama za michoro ya umeme, ili fundi wa kiwandani aweze kuzisoma na kuzirekebisha mwenyewe. Basi wasemao kwamba programu ni kazi ya mabwana wa ofisini tu, hawasemi kweli. Michoro hiyo ya ngazi yatumika viwandani mpaka leo.

Hatari iko hapa. Waya zikibadilishwa, kila mtu huona. Programu ikibadilishwa, hakuna aonaye. Mtu mmoja aweza usiku kuongeza mwendo wa mashini, au kuondoa kazi ya watu wanne, na asubuhi tukaambiwa ndivyo mashini ilivyo. Mashini haina neno. Hufanya iliyoandikiwa na mtu.

Tena tukumbuke Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40. Tajiri akitaka kupunguza watu kwa kuwa kazi zao hazihitajiki tena, sharti akiarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja mbele. Katika kuchagua wa kuondoka, hutazama miaka ya kazi, na pia ujuzi. Ujuzi, ndugu! Asiyefundishwa programu leo, kesho ataambiwa hana ujuzi.

Kwa hiyo sisi twataka haya yaandikwe katika mapatano yetu:

1. Mashini mpya ikija, waliopo kazini wafundishwe programu yake, kwa saa za kazi na mshahara kamili.
2. Chama kiarifiwe kabla mwendo wa mashini haujabadilishwa.
3. Aliyefundishwa apandishwe daraja.

Mashini na zije, lakini amri zake tuzisome. Wanachama, njooni mkutano wa tawi mseme neno hili kwa sauti moja.