Mlango alioufungua fundi kwenye rauta yako

Wakala mmoja hapa Kongowea, duka lake si mbali na soko, alituonyesha simu yake kwa furaha. Alikuwa ametoka kuweka kamera. Akiwa nyumbani usiku, au Kilifi kwa matanga, anafungua simu na kuona duka lote: kaunta, droo ya pesa, mlango. Tukamwuliza, hiyo picha inafikaje kwenye simu yako? Akasema, "Fundi alifungua poti kwenye rauta."

Hapo tukanyamaza kidogo. Maana kwenye ile picha, safi kabisa, tulimwona mama mmoja akitoa pesa, vidole vyake vikibonyeza PIN.

Tuseme msimamo wetu mapema: duka lolote ambapo watu hubonyeza PIN halifai kuwa na poti iliyofunguliwa kwa ajili ya kamera. Hata moja. Mafundi wengine watatupinga, na baadhi yao ni wateja wetu wazuri tu.

Kwa mtu wa Mombasa poti ni bandari, na mfano wenyewe si mbaya. Rauta ikiachwa ilivyokuja, kawaida inafanya kazi kama geti la Kilindini: mzigo usio na karatasi za mwenyewe hauendi popote. Ukifungua video, ombi limetoka ndani, kwa hivyo jibu linaruhusiwa kuingia. Kinachokuja kutoka nje bila kuitwa kinatupwa. Kuelekeza poti ni kuiambia rauta hivi: chochote kitakachobisha mlango namba 8000, usikiulize, kipeleke moja kwa moja kwa mashine inayorekodi kamera. Rauta haijui kama aliyebisha ni wewe uliye Kilifi au ni mtu wa nchi nyingine kabisa.

"Na nani atajua duka langu la Kongowea?" Hakuna haja ya kukujua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu inayoitwa ZMap. Kwa kompyuta moja yenye intaneti ya kasi, inabisha poti moja kwenye anwani zote za IPv4 duniani, karibu bilioni 4, kwa dakika 45 hivi. Kwa hivyo ile hila ya kubadilisha namba kutoka 8000 hadi 8999 ni kuhamisha mlango tu, haujafungwa.

Na wanaobisha wapo. Mwaka 2016 programu mbaya ya Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, yale ya "admin" kwa "admin", na ikateka kamera na rauta kwa malaki. Muingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi la vifaa kama hivyo kuishambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia. Alifungwa London Januari 2019, miezi 32. Wenye kamera hizo wengi hawakujua kitu. Zao ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Utasema, mimi nimeweka neno la siri gumu. Vizuri, lakini Septemba 2021 Hikvision, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za kamera duniani, ilitangaza kasoro iliyomwezesha mtu kuitawala kamera bila neno la siri lolote, mradi tu aufikie mlango wake. Marekebisho yalitolewa. Swali ni nani dukani kwako amewahi kuyaweka.

Tusitiane hofu bure. Pesa zako haziko ndani ya rauta. Ukituma kwa menyu ya laini, ujumbe haupiti kwenye Wi-Fi hata kidogo, na ukituma kwa programu, mawasiliano husafiri yakiwa yamesimbwa. Tunachokiogopa ni kile kamera inachoona: PIN, kitambulisho kilichowekwa kaunta, namba ya simu kwenye kitabu. PIN peke yake haimfikishi mwizi mbali. Akiwa nayo pamoja na namba ya kitambulisho na ya simu, basi mtu anayetaka kubadilisha laini yako amebakisha hatua chache sana.

Hapa tujilaumu na sisi. Miaka yote tumewaambia wateja waangalie aliye nyuma yao kwenye foleni. Kilicho juu ya vichwa vyao hatukukitaja.

Kwa mwenye duka, kujipima ni rahisi. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya duka, tafuta anwani yako ya nje ya intaneti, uiandike. Kisha zima Wi-Fi, tumia bando, uiandike kwenye kivinjari pamoja na namba ya poti aliyokupa fundi. Ukurasa wa kamera ukitokea, umetokea kwa dunia nzima. (Wenye rauta ya laini ya simu mara nyingi hawatauona, kwa sababu wanagawana anwani moja na wateja wengine. Ndiyo maana fundi huwaambia walete faiba.) Ingia kwenye rauta, tafuta palipoandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server", ufute mistari iliyomo. Zima UPnP. Zima usimamizi wa rauta kutoka nje, na ubadilishe neno la siri lililobandikwa mgongoni mwake.

Kuna fundi atakayesema achuje: poti ibaki, ila iruhusu anwani yako peke yako. Kwa ofisi yenye anwani isiyobadilika, sawa. Anwani ya simu yako inabadilika kila saa, hivyo baada ya siku mbili atachoka na kuruhusu wote. Anayetaka kweli kuona duka akiwa mbali aombe VPN. Programu ya mtengenezaji wa kamera, isiyohitaji poti, ni ya pili kwa ubora, maana hapo unaiamini seva ya watu usiowajua.

Wakala wetu alimwita fundi arudi. Alifuta mistari miwili aliyoiweka mwenyewe. Kwenye orodha ya UPnP akakuta wa tatu, ambao hakuna aliyeuweka; mashine ya kamera ilikuwa imejifungulia yenyewe. Kisha akapanda stuli akageuza kamera, sasa inaona droo na sura ya aliyesimama, vidole haivioni. Nawe mteja, ukisimama kwenye kaunta yoyote, inua macho kwanza. Ukiiona inakutazama mikono, funika simu kwa kiganja na umwambie wakala aigeuze.